Pale Mistari ya Kahawa Ilipopinda

Kwa zaidi ya miaka ishirini, familia mbili zilipalilia kaburi moja bila kujuana. Moja ilikuwa yetu, Waislamu wa Majengo ya Thika. Nyingine ilikuwa ya mzee mmoja Mkristo, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, aliyekuwa akiishi Witeithie. Kila upande uliamini kwamba aliyelala pale ni wake. Na kila upande, ulipokuta magugu yameng'olewa, ulidhani ni kazi ya vibarua wa shamba.

Kaburi hilo lilikuwa ndani ya shamba la kahawa nje ya Ruiru, upande wa kuelekea Mwiki. Halikuwa na msalaba wala maandishi. Ulilitambua kwa kahawa yenyewe. Mistari ya shamba lile ilinyooka sana. Ukisimama mwanzo wa mstari uliona mwanga upande wa pili, hata ukiwa mbali. Lakini mahali pamoja, miti ya mistari miwili ilijitenga, mmoja ukavimba kushoto na mwingine kulia, ikaacha nafasi ya urefu wa mtu, kisha ikarudi njia yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika shamba zima hapakuwa na mahali pengine kama pale.

Mama yangu alisema aliyelala katika nafasi hiyo ni baba yake. Habari za babu nilizipata kwa vipande, Mama akikuna nazi au akishona mashungi ya watoto wa madrasa, nami nikazipanga baadaye. Wazee wake walitoka nchi ya Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakashuka na misafara ya pembe za ndovu mpaka Tabora. Huko ndiko alikozaliwa. Vita vya kwanza vya Wazungu vilipofika, Waingereza walimchukua kubeba mizigo. Akabeba risasi na unga kwa miguu, wenzake wakifa njiani kwa kuhara, na vita vilipokwisha akajikuta Nairobi, mbali na kwao, hana wa kumrudisha. Akasikia kuna kazi Thika, akaja. Majengo ilikuwa imejaa watu kama yeye, Waislamu wa makabila ambayo hayakuwahi kuonana kabla: Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, Waganda, na Wakikuyu waliosilimu. Akaoa hapo, akapata kazi kwenye mashamba ya kahawa.

Kazi yake ilikuwa ya kamba. Kabla ya kahawa kupandwa, watu wawili huvuta kamba yenye mafundo kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, na penye kila fundo huchomekwa kigingi. Kigingi ndicho huonyesha shimo la mche. Kamba ikilegea, mstari unakwenda mrama na mti mmoja unaiba jua la mwenzake. Mama alisema babu alikuwa fundi wa kamba, na kwamba mistari ya mashamba mengi ya Ruiru ilipita mikononi mwake.

Alikufa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na wapigania uhuru. Aliugua homa kambini, kwenye vibanda vya wafanyakazi tulivyoviita laini, akafa asubuhi. Siku zile hukuweza kutoka Ruiru hadi Thika bila pasi, ukiwa hai wala ukiwa maiti. Wanaume wa Majengo hawakuruhusiwa kwenda kumchukua. Rafiki yake mmoja Mwislamu, mwenzake wa kamba, alimwosha, akamswalia na watu wachache, wakamzika hukohuko shambani. Sehemu ile ilikuwa imeng'olewa kahawa kuukuu na inapandwa upya. Kamba ilipofika penye kaburi, vibarua walikataa kuipitisha juu yake. Msimamizi Mzungu alifoka. Wao wakapindisha kamba, wakapanda, na ikabaki hivyo.

Mama alikuwa msichana. Wanawake wa kwetu hawaendi kuzika, na hata wangekuwa wanaenda, barabara ilikuwa imefungwa. Hali ya Hatari ilipoondolewa, yule rafiki alimpeleka bibi yangu na Mama hadi ukingo wa shamba. Wageni hawakuruhusiwa kuingia. Akanyoosha fimbo kutoka barabarani, akasema, "Pale mistari inapopinda." Hakusema zaidi, na muda si mrefu naye akafa.

Baada ya uhuru, shamba liliuzwa kwa matajiri wa Nairobi, na walinzi wapya hawakujali sana nani anaingia. Ndipo Mama alipoanza kwenda. Alikwenda kila mwaka katika mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, akiwa na chupa ya marashi, shada la mrehani na kijembe. Mimi nilianza kumsindikiza nikiwa mdogo, na nilipopata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo mjini niliendelea. Alipalilia, akanyunyiza marashi, akasoma Yasini. Upande wa mashariki aliweka jiwe bapa kuonyesha kichwa. Kwetu maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Makka, na kutoka Kenya Makka iko kaskazini. Kwa hiyo kichwa huwa mashariki na miguu magharibi.

Upande wa magharibi palikuwa na mshubiri, mnene, wenye miiba. Mama hakuupanda. Alipoukuta mara ya kwanza alifurahi. "Kuna mtu ana imani humu shambani," alisema. "Amemwekea alama ya miguu."

Mwezi wa Shaabani haukai mahali pamoja. Kila mwaka unarudi nyuma kama siku kumi, ukizunguka miezi yote ya Kizungu. Katikati ya miaka ya tisini ulikuwa umefika Januari, na mwaka ule kabla ya mvua ya El Nino, ukaangukia Desemba. Kwa hiyo tulikwenda shambani watu wakiwa wanajiandaa kwa Krismasi, na tulipofika penye mpindo wa mistari tukamkuta mzee amepiga magoti, kofia ya kanisani kichwani, akikata majani kwa panga.

"Hamjambo," alisema bila kuinuka. "Mmepotea njia?"

"Hatujapotea," Mama akajibu. "Tumekuja kwa baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu. Huyo uliyemwekea panga kifuani."

Mzee aliliondoa panga upesi, kisha akatazama alipoliondoa, kisha akamtazama Mama. "Mama, pole, lakini hii kaburi ni ya baba yangu. Mimi nakuja hapa kila Krismasi, kabla sijapanda basi ya kwenda nyumbani."

"Hebu kwanza. Hilo jiwe hapo, ulidhani limeletwa na nani?"

"Hiyo jiwe? Nilijua ni kampani ya shamba. Nikasema, sawa, wameweka alama ya miguu."

"Miguu!" Mama alishika kiuno. "Miaka yote hii umemgeuza baba yangu kichwa chini?"

"Na wewe mama, hii mshubiri yangu ulifikiri ni ya nani?"

"Ya mcha Mungu."

"Basi ni mimi," mzee akasema, na akacheka hadi kofia ikaanguka. Mama alijizuia kidogo, kisha naye akacheka.

Mzee alikuwa na chupa ya chai na ndizi. Tulikaa chini ya kahawa, mimi nikiwa katikati kama mpatanishi, nao wakasimuliana. Baba wa mzee alikuwa nyapara wa shamba hilohilo, aliyekuja kutoka magharibi kutafuta pesa za kodi ya kichwa na asirudi. Naye alikufa wakati wa Hali ya Hatari, kwa kuangukiwa na mti. Maiti haikuweza kusafirishwa hadi kwao, jambo ambalo ukoo wao unalilia hadi leo, kwa sababu mtu wa kwao huzikwa uani mwake. Mzee alikuwa mtoto mdogo. Mama yake alirudi naye magharibi. Alipokua alikuja kufanya kazi palepale, na vibarua wazee wakamwonyesha kaburi. Walimwambia vibarua walipindisha kamba kwa sababu nyapara yule hakuwahi kumpiga mtu.

"Walikuambiaje hasa?" niliuliza.

"Pale mistari inapopinda."

Mama akasema, "Wao walipindisha kwa sababu ya baba yangu. Alikuwa mtu wa kamba. Watu wa kamba walimheshimu mtu wa kamba."

"Inawezekana, mama," mzee akasema kwa upole. "Lakini hata nyapara anaweza heshimiwa, hata kama si kawaida."

Alituambia pia kwamba kwao Mkristo hulazwa kichwa magharibi, ili siku ya ufufuo ainuke akitazama mashariki. Ndiyo maana aliupanda mshubiri upande ule. Nikatazama jiwe, nikatazama mshubiri. Ikiwa ni babu yangu, kichwa kiko penye jiwe. Ikiwa ni baba yake, kiko penye mshubiri. Jibu lilikuwa chini yetu, kina cha mtu kusimama.

Tulipoinuka kuondoka ndipo nilipoona kigingi cheupe. Kilikuwa hatua chache kutoka kwenye jiwe, kipya, juu kimepakwa rangi nyekundu. Mzee alikuwa amekiona tayari. Alisema shamba limeuzwa tena. Mara hii walionunua walikuwa wananchi, mamia kwa mamia, kupitia kampuni ya kununua ardhi, na wapima ardhi walikuwa wanalikata ploti. Kwa mbali tulisikia misumeno. Kahawa ya upande wa barabara ilikuwa inang'olewa kuchomwa makaa.

Tulipofika Thika Mama akasimama mlangoni bila kuvua viatu. "Watajenga choo juu yake," alisema.

Tangu siku ile, hiyo ndiyo ilikuwa shida ya nyumba yetu, na ya nyumba ya Witeithie. Mzee na Mama walianza kutembeleana. Yeye alikuja Majengo na kuku, Mama akamwambia atamla pale tu kijana wa msikitini atakapomchinja. Mzee akasema hata kama angechinjwa na askofu, kuku ni kuku. Waliulizia ofisi za kampuni ya ardhi, wakaelekezwa hapa na pale. Mwishowe waliambiwa ploti ile imeangukia kwa mama mmoja wa Kiuu, muuzaji wa sukumawiki na nyanya karibu na Githurai.

Tulimkuta shambani mwanzoni mwa mwaka, akiwa na fundi. Kahawa ya pale ilikuwa imekatwa, visiki vimebaki, hivyo mpindo wa mistari bado ulionekana ukijua kutazama. Alikuwa mwanamke wa makamo, leso kichwani, gamubuti miguuni, sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Mama alimweleza. Mzee akaongeza. Aliwasikiliza wote wawili, mikono kifuani.

"Ngai!" alisema. "Sasa nyinyi mnaniambia kuna maiti kwa ploti yangu? Na hamjui ni ya nani?"

"Ni ya mmoja wetu," mzee alisema.

"Mimi sioni kaburi. Naona mawe na mshubiri. Hapo ni kichuguu ya mchwa tu."

"Si kichuguu, dada," Mama akasema. "Ni baba."

"Dada yangu, nisikize vizuri." Alikanyaga udongo kwa gamubuti. "Hii mlima yote ilikuwa ya guka. Babu yangu. Mzungu alikuja akaambiwa na serikali hapa hakuna mtu, na guka ako hapa anachunga mbuzi. Tukakuwa watu wa kuomba mahali ya kulala kwa shamba yetu. Halafu tukafukuzwa, tukapelekwa kijiji ya Hali ya Hatari. Nimechuma kahawa hapa nikiwa msichana, debe kwa kichwa. Sasa nimeuza mboga mpaka magoti imeisha, nimerudisha kakipande ka guka. Kakipande tu! Nataka kujenga nyumba za kukodisha. Nani atakodisha nyumba na mtu amelala kwa mlango?"

Nilikuwa nimesoma mambo hayo shuleni kama sura tatu mbalimbali, kabla ya wakoloni, wakati wa wakoloni na baada yao, na mwalimu alitupa mtihani mwisho wa kila sura. Sasa zote tatu zilikuwa zimesimama penye visiki, zimevaa gamubuti, buibui na kofia ya kanisani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwongo.

"Na kwetu," mama yule aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, "maiti si kitu ya kuchezea. Wazee wetu hata hawakuwa wanagusa. Toeni mtu wenu. Mimi sitawazuia. Toeni, mpeleke mahali yenu, na tutabaki marafiki."

Lilikuwa ombi la haki, na lilionekana rahisi. Imamu wa msikiti wetu alisema maiti inaweza kuhamishwa ikiwa pana dharura. Mchungaji wa mzee alisema vivyo hivyo. Hata walikubaliana nani atasimama wapi siku hiyo. Ukifukua, utaona kichwa kiko upande gani, na mwenye mtu wake atamchukua. Ndugu zangu walifurahi. Watoto wa mzee walifurahi zaidi, kwa sababu walitaka kumsafirisha babu yao nyumbani, hatimaye, azikwe uani.

Aliyekataa ni Mama. Tulikuwa tumeketi barazani kwetu, mzee akiwa kwenye kiti cha wageni.

"Nikijua si yeye," alisema, "nitamtafuta wapi?"

Ndugu yangu mkubwa alisema afadhali kujua. Mama akamwambia, "Wewe hukumjua. Hukupoteza kitu. Mimi nina mahali pa kwenda na marashi yangu mara moja kwa mwaka. Mkifukua, mmoja wetu ataondoka na baba, na mwingine ataondoka na kijembe."

Mzee alizungusha kofia mikononi kwa muda. Nilijua watoto wake wanamngoja alete habari njema. "Mama anasema kweli," alisema. "Mimi pia nilikuwa nafikiria hiyo, lakini niliogopa kuisema mbele ya vijana wangu. Watanisumbua. Wacha wanisumbue."

Basi hawakufukua. Tatizo likabaki kwa mama wa Kiuu, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alituambia kwamba mvua ya masika ikiisha atachimba msingi, kaburi au si kaburi. Alipima vyumba vyake mstari mmoja ulionyooka, kama ploti zote za kukodisha zinavyojengwa kule, milango yote ikitazama upande mmoja, choo na bafu mwisho. Chumba cha katikati kingekaa penye jiwe. Lakini pesa hazikutosha upesi kama alivyotaka, na kazi ikasogea hadi mwisho wa mwaka.

Ndipo mvua ya El Nino ikaja.

Walioishi Thika na Ruiru miaka ile wanaikumbuka. Ilinyesha miezi, ikabeba madaraja, ikafanya mitaro ya shamba lile kuwa mito. Vigingi vya wapima ardhi vilielea. Sisi hatukuweza hata kuvuka kwenda kuangalia, na Mama alikaa dirishani akitazama maji ya Majengo yakipita na ndala za watu. Shaabani ilifika, ikaingia Desemba kabisa, na kwa mara ya kwanza hakwenda.

Mvua ilipopungua kidogo, mama wa Kiuu alituma ujumbe kupitia kondakta wa matatu, kwetu na Witeithie: njooni.

Tulifika na matope hadi magotini. Mfereji wa msingi aliokuwa amechimba upande mmoja ulikuwa umejaa maji. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando, mwavuli umefungwa mkononi ingawa manyunyu yaliendelea. Hakutusalimu. Alionyesha chini.

Ardhi ilikuwa imezama. Penye nafasi ile, kati ya jiwe na mshubiri, udongo ulikuwa umeshuka kiganja kizima, ukaacha umbo la mstatili lenye kingo safi. Lilikuwa la urefu wa mtu mzima. Hakuna mchwa anayechimba hivyo. Na lilikuwa moja. Mama na mzee waliangalia pembeni, kulia na kushoto, na nilijua wanatafuta nini, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimewahi kuomba kimoyomoyo yawe mawili. Lilikuwa moja tu.

"Nilisema ni kichuguu," mama wa Kiuu alisema.

"Ulisema," Mama akajibu.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi." Alifungua mwavuli, akaufunga tena. "Sijawaambia kitu moja. Baba yangu alichukuliwa kwa hii shamba. Alikuwa anachuma kahawa, askari wakakuja, wakachukua wanaume. Wengine walirudi. Yeye hakurudi. Tulisikia walipiga watu risasi huko chini kwa mto, tukasikia vibarua waliambiwa wazike haraka. Mama yangu aliuliza mpaka akachoka. Hakuna mtu alimwambia ni wapi."

Mzee alivua kofia.

"Sisemi ni yeye," aliongeza upesi, karibu kwa ukali. "Msinikasirikie. Sisemi. Nasema sijui, kama nyinyi tu hamjui."

Mama alivuka matope akamshika mkono. Sikusikia alilomwambia, lilikuwa neno fupi. Baadaye nilipomuuliza alisema, "Nilimwambia karibu."

Fundi alirudi mvua ilipokwisha kabisa. Mama wa Kiuu alitaka tuwepo. Fundi alipiga mambo mbili, yaani vigingi, akafunga kamba kutoka pembe hadi pembe, nyeupe, imenyooka juu ya kaburi kama vyumba vilivyokuwa vimepimwa mwanzo.

"Pindisha," mama wa Kiuu akamwambia.

"Nipindishe nini?"

"Kamba. Izungushe hapo. Chumba tatu upande huu, mbili upande ule, na hapo katikati uwache."

"Mama, hiyo nyumba itakuwa na kona kama mgongo wa punda. Watu watanicheka. Watauliza ni fundi gani alijenga hii kitu."

"Waambie ni mimi."

"Na wapangaji?"

"Wapangaji nitajua na wao. Wewe pindisha."

Fundi alinung'unika, akapiga mambo nyingine, akazungusha kamba. Mama alitazama ile kamba ikienda kando na kurudi, na akafunika mdomo kwa mtandio. Sikuhitaji kumuuliza anamwona nani.

Vyumba vilikwisha mwaka uliofuata, kwa mawe ya machimbo ya Ndarugo na bati jipya. Ukuta unapinda katikati, kweli kama mgongo wa punda, na penye mpindo kuna uwanja mdogo wenye ua wa waya, jiwe mashariki, mshubiri magharibi. Mama wa Kiuu hakuweka alama yake. Alipanda mrehani pembeni, akisema ni wa kufukuza mbu, lakini huumwagilia kila akija kuchukua kodi. Wapangaji hawakukosekana kama alivyohofia. Wa kwanza alikuwa kijana wa kiwandani ambaye aliuliza kaburi ni la nani, akaambiwa, "La baba," akasema sawa. Wengine walipouliza baba wa nani, mama wa Kiuu alikuwa anawaambia wachague.

Shaabani iliendelea kurudi nyuma, ikatoka Desemba, ikaingia Novemba. Kwa hesabu hiyo Mama na mzee wangeachana tena kwa miaka mingi. Lakini mzee aliulizia tarehe kwa Mama, na mwaka uliofuata alikuja Shaabani na chupa yake ya chai, akakaa na kofia mapajani hadi Yasini ikaisha. Naye Mama alikwenda Desemba, akasimama kando mzee akisoma zaburi. Mama wa Kiuu alikuwapo siku zote mbili. Alisema ni kwa sababu ya kodi.

Hayo yameisha vizuri kuliko nilivyotazamia, na nimeyaandika kama yalivyokuwa. Lakini kaburi ni moja, na waliokufa ni watatu. Ikiwa mmoja wao amelala penye mpindo wa ukuta, wawili wengine wako mahali pengine kwenye mlima ule, chini ya visiki, au chini ya ploti ambazo bado zilikuwa zinachimbwa msingi muongo ule ukiisha. Mama alijua. Kila tulipokwenda, kabla ya kumimina marashi, alipita kwanza kwa mafundi wa jirani, akasalimia, akachungulia kwenye mifereji yao, na kuwauliza kama kuna mtu amekuta kitu. Mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amekuta.